Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kadi ya kliniki ya sukari haina mahali pa tumbo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mganga Mkuu wa Serikali. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Msajili wa Baraza la Famasi. Na ndugu zetu wa Bohari ya Dawa.

Salaam kwenu nyote.

YAH: TUMBO LA MGONJWA WA SUKARI

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na nina kisukari cha aina ya pili tangu mwaka 2017. Kadi yangu ya kliniki imechanika kwenye mikunjo, nimeishika kwa gundi ya karatasi mara mbili. Ina safu ya tarehe, safu ya sukari, ya presha, ya uzito, ya dawa nilizopewa na ya siku ya kurudi. Nimeisoma sana kadi hii nikiwa kwenye benchi la kusubiri, na kuna jambo moja sijawahi kulikuta humo: tumbo langu. Ninaandika kwa sababu ya hilo tu, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Siku niliyoanzishiwa metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, nilifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi bila kula kitu, kama nilivyoagizwa, kwa ajili ya kipimo. Nilifika dirisha la dawa saa nne na nusu. Nikapewa vidonge vya miligramu 500 ndani ya kibahasha cha karatasi, juu yake pameandikwa kwa kalamu “1x2”, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Basi. Nilikuwa na hamu ya kupona, nikanunua maji ya chupa getini nikameza cha kwanza hapohapo, tumbo tupu. Sikumaliza safari ya kurudi nyumbani bila kumwomba dereva wa daladala asimame.

Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa kazi. Choo cha kulipia pale sokoni ni shilingi 300, na nilikuwa nakiendea mara nne, mara tano kabla ya adhuhuri. Mteja anakuja kuchukua gauni la harusi anakuta cherehani peke yake. Usiku tumbo linanguruma mpaka mume wangu anaamka. Mdomoni nina ladha ya chuma, kama niliyelamba sarafu, hata chai ya tangawizi niliyoizoea tangu utoto ikawa hainiingii. Wiki ya tatu nikaacha dawa. Sikumwambia daktari, sikumwambia mume wangu, vidonge nikavifungia kwenye kopo la vifungo.

Yaliyofuata ndiyo hasa ninayotaka Wizara iyaelewe. Kila mwezi nilikwenda kliniki kama kawaida. Kila mwezi nilichukua dawa zangu. Siku mbili kabla ya kipimo nilikuwa napunguza wali na kuacha soda, ili nisigombezwe mbele ya watu. Kwenye kadi mimi nilikuwa mgonjwa anayemeza metformini na metformini haimfai. Sukari ilipopanda daktari akafanya kile ambacho karatasi ilimwambia: akaniongezea dozi. Ilipopanda tena akaniongezea glibenklamaidi, dawa nyingine ya kushusha sukari. Hakukosea yeye, alikuwa anasoma kadi. Kadi ndiyo iliyokuwa inadanganya, na mimi pamoja nayo, mwaka mmoja na nusu.

Aliyenitoa huko ni muuguzi ambaye nadhani hata hanikumbuki. Alikuwa ananipima presha, akaniuliza bila kuinua sauti, “Mama, tumbo lako linaichukuliaje hii dawa?” Nililia. Mwanamke mzima, nalia mbele ya mashine ya presha. Akavuta kiti. Akaniambia nianze upya: kidonge kimoja tu, katikati ya chakula cha jioni, wiki nzima au mbili mpaka tumbo lizoee, ndipo kiongezwe cha asubuhi na chenyewe kimezwe katikati ya kula. Alipokwisha akaingia kumwona daktari, naye akakubali na akaiondoa glibenklamaidi. Baada ya wiki tatu tumbo lilikuwa limetulia. Leo natumia dozi kamili na nashona kutwa.

Maelezo yale yalichukua kama dakika nne.

Nilidhani mkosi ule ni wangu peke yangu. Kisha tukaanzisha kikundi chetu cha mtaani cha wenye sukari, tunakutana Jumamosi kwenye kibaraza cha mmoja wetu, tunapimana, tunafundishana kupika. Siku moja nikasimulia habari ya kopo la vifungo. Kimya kikatanda, halafu mzee mmoja akasema, “Mimi navificha ndani ya redio mbovu.” Nikauliza nani mwingine amewahi kuacha vidonge kwa ajili ya tumbo. Zaidi ya nusu ya mikono ilinyanyuka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia daktari.

Mtanijibu kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini angalieni mahali tunapotakiwa kuufunulia huo uchi. Dirisha la dawa liko wazi, nyuma yako wamesimama watu kumi na watano, mmoja ni jirani, mwingine ni mkwe. Anayekupa dawa ana umri wa mwanao wa mwisho. Utamwambiaje kwamba juzi hukuwahi choo, ukajichafua kwenye ibada? Kwetu mtu mzima hazungumzii choo chake mbele ya kijana asipoulizwa kwa heshima na pembeni. Ndiyo maana nasema swali lazima litoke upande wenu.

Wala hili si jambo geni kwa madaktari. Metformini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa sukari huko Ufaransa mwaka 1957, na daktari Jean Sterne. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ndiyo ya kwanza wengi wetu tunayoanzishiwa. Inajulikana pia kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne wanaoimeza husumbuliwa na tumbo: kuharisha, kichefuchefu, gesi, kukosa hamu ya kula. Dawa hii hujikusanya kwenye kuta za utumbo kwa wingi kuliko ilivyo kwenye damu, na sehemu ya kazi yake huifanya humohumo, kwa hiyo utumbo hauwezi kukosa kuisikia. Lakini wanaoshindwa nayo kabisa ni wachache, kama watano katika mia. Hao wengine wote wanaoteseka wangeweza kusaidiwa kwa kuanza kidogo, kupanda polepole na kumeza pamoja na chakula.

Hapo kwenye “pamoja na chakula” naomba nikae kidogo. Mwongozo unasema hivyo, na baadhi ya watoa dawa husema hivyo, lakini anayesema huwa haulizi mtu anakula saa ngapi. Katika kikundi chetu wapo wanaokula mlo wa maana mara moja tu kwa siku, saa mbili usiku, ugali na mboga. Asubuhi ni chai ya rangi. Ukimwandikia “1x2” huyo, kidonge cha asubuhi kitakuta chai tupu na kitamtesa. Anayefunga Ramadhani naye mpangilio wake ni mwingine, futari na daku, na anahitaji kuonana na daktari kabla mwezi haujaandama. Swali “unakula saa ngapi?” halihitaji mashine wala bajeti. Sijui kwa nini halimo kwenye karatasi yoyote niliyowahi kujaziwa.

Kuna vidonge vya metformini vinavyoachia dawa polepole. Vinamezwa mara moja kwa siku, na watu wengi ambao vile vya kawaida viliwashinda huvistahimili hivi. Mwenzetu mmoja alinunuliwa na mwanawe kwenye duka la dawa mjini. Siku ya tatu akaviacha, kwa sababu aliona kitu kama kidonge kizima chooni akaamini hakimsaidii kitu. Kumbe ni ganda tu linalotoka, dawa imeshabaki mwilini. Hakuna aliyemwambia. Mwingine alikuwa akivisaga kwa kijiko kwa sababu ni vikubwa, jambo ambalo linaiachia dawa yote kwa mkupuo mmoja na kuharibu maana yake. Bohari ya Dawa, ombi langu kwenu ni kwamba vidonge hivi vifike kwenye kliniki zetu za kawaida, angalau kwa wale ambao tumbo limewakataa vile vingine hata baada ya kuanzishwa taratibu. Na vije na maelezo kwa Kiswahili. Karatasi ninazozikuta ndani ya boksi za dawa zangu zimekunjwa mara nane, maandishi ya kumtoa mtu machozi, na lugha ni Kiingereza.

Sasa nije kwenye yale yanayoweza kuua, maana kuharisha si aibu tu.

Mzee wetu wa redio mbovu alikuwa na dawa mbili, metformini na glibenklamaidi. Metformini ikamletea kichefuchefu, akawa hali chakula. Akaacha metformini, lakini glibenklamaidi akaendelea kuimeza kwa sababu hiyo haikumsumbua. Glibenklamaidi inashusha sukari hata kama hukula. Alianguka msikitini alfajiri, jasho linamtiririka, watu wakadhani ni kiharusi. Alikuwepo kijana mwenye akili akampa maji ya sukari. Tumbo lilikuwa limemwambia aache kula, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kidonge kile kingine kinahitaji chakula.

Halafu kuna siku za kuugua. Mvua zinanyesha, maji yanachafuka, kipindupindu kinaingia mtaani. Mgonjwa wa sukari anayeharisha na kutapika mpaka maji yanamwishia mwilini, figo zake zinalemewa, na metformini inaweza kurundikana kwenye damu na kuifanya iwe na asidi. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea inaua. Madaktari wana kanuni ya siku hizo: asimamishe metformini kwa muda mpaka ale na kunywa kama kawaida, awahi kituo cha afya, na kama anatumia insulini asiiache kwa uamuzi wake. Kanuni hii naijua kwa sababu nilimng'ang'ania daktari mmoja anieleze. Mtu wa kawaida mwenye kadi kama yangu ataijulia wapi?

Naomba pia Wizara iyatazame majengo mawili yaliyo ndani ya uzio mmoja, kliniki ya sukari na CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vidonge vya TLD wanavyotumia wenzetu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI vina dolutegraviri ndani yake, na dolutegraviri huizuia figo kuitoa metformini kwa kasi yake ya kawaida. Kiwango cha metformini kwenye damu hupanda kwa karibu asilimia 79. Ndiyo sababu inashauriwa mtu huyo asizidishe miligramu 1000 za metformini kwa siku. Lakini majengo hayo yana kadi mbili na mafaili mawili, na mgonjwa mwenyewe ana sababu zake za kutotaka jengo moja lijue habari za jengo la pili. Sina ruhusa ya kusimulia maisha ya mtu hapa, nasema jambo lenyewe tu: yupo anayeharisha mwaka wa pili akidhani ni virusi, na huenda ni dozi.

Na yupo anayehisi miguu inachoma na kufa ganzi, kila mtu akimwambia “ndiyo sukari hiyo”. Inaweza kuwa sukari kweli. Lakini metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inazuia utumbo kufyonza vitamini B12, na upungufu wake unachoma miguu vilevile. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa wenye dalili hizo. Mimi niko mwaka wa nane na nusu wa kisukari, na sijawahi kupimwa.

Mheshimiwa Waziri, kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimelisikia nilipoanza kuumwa. Nalo ni sindano za kupunguza mwili.

Mtoto wa dada yangu, anayeishi Dar es Salaam, hana sukari. Ana mwili, kama sisi sote upande wa mama, na alikuwa anakaribia kuolewa. Aliuziwa sindano saluni. Muuzaji alimdunga hapohapo na kumwambia kwa kuwa harusi iko karibu waanze na dozi kubwa. Alitapika siku tatu. Tulimkuta amelala sakafuni bafuni kwa sababu baridi ya vigae ndiyo iliyomtuliza, midomo imepasuka. Aliwekewa dripu mbili. Daktari alipomuuliza amedungwa nini, hakuweza kujibu. Hakukuwa na boksi wala jina, bomba la sindano tu.

Tangu siku ile nimejifunza habari za dawa hizi. Mojawapo, semaglutidi, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kisukari Desemba 2017, kwa jina la Ozempic, na Juni 2021 ikaidhinishwa kwa kupunguza uzito kwa jina la Wegovy. Inapunguza njaa, na inachelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo mtu hushiba haraka na kukaa ameshiba. Humohumo ndimo kinamotoka kichefuchefu. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2021, la watu 1,961, waliopewa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68. Ni matokeo makubwa, sitaki kuyapuuza. Lakini katika kila 100 kati yao, 44 walipata kichefuchefu, zaidi ya 31 waliharisha, karibu 25 walitapika na zaidi ya 23 walifunga choo. Na hao walikuwa mikononi mwa madaktari, wakianza na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa polepole kwa wiki 16 mpaka dozi kamili. Binti yetu hizo wiki 16 alirushwa kwa dakika moja kwenye kiti cha saluni.

Dawa hizi si adui. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari wenye moyo au figo na unene uliozidi. Nami natamani siku moja zifike kwenye kliniki yetu kwa bei ambayo fundi cherehani anaimudu. Ninachokililia ni njia zinazopitia sasa. Kabla ya kufunguliwa zinatakiwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Zile za saluni zilitoka kwenye mkoba. Juni 2024 Shirika hilohilo lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye ulinzi ule zilipenyezewa, sisi tunaouziwa kwa picha za simu tuko salama kwa lipi? Mwenye maumivu makali ya tumbo yanayopiga mpaka mgongoni baada ya sindano hii anaweza kuwa na kongosho iliyovimba. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji anatakiwa amwambie daktari wa usingizi kwamba anaitumia, kwa sababu chakula cha jana kinaweza kuwa bado kiko tumboni. Muuzaji wa saluni hayasemi hayo, na mteja wake hatayasema hospitalini, kwa sababu anaona aibu. Aibu ileile ya kopo langu la vifungo.

Kwa hiyo Mamlaka ya Dawa na Baraza la Famasi, wafuateni wauzaji hawa huko waliko, kwenye simu na kwenye saluni, na msiwaadhibu wateja wao, maana mkiwaadhibu hao hakuna atakayekuja kusema alichodungwa. Tena mna fomu ya njano ya kutoa taarifa za madhara ya dawa. Nilipoitaja kwenye kikundi chetu hakuna aliyewahi kuiona. Ibandikeni pale kwenye benchi la kusubiri. Watu wanakaa pale saa tatu, watasoma chochote.

Kwa Wizara, ombi ni dogo kuliko barua hii. Kadi mpya za kliniki zikichapishwa, ongezeni safu moja iandikwe TUMBO, karibu na presha na uzito. Muuguzi akiiona safu tupu atalazimika kuuliza. Nyuma ya kadi, mahali ambapo sasa pameachwa peupe, iandikwe kwa Kiswahili namna ya kuanza metformini, na la kufanya siku ukitapika. Na mtoa dawa asiishie “1x2”. Aandike “katikati ya chakula cha jioni”, kalamu anayo mkononi.

Kliniki yangu ni Jumanne ijayo. Nimeshachora safu hiyo kwa rula kwenye kadi yangu mwenyewe, na wenzangu wa kibarazani nimewachorea zao Jumamosi iliyopita, kwa wino mwekundu ili ionekane. Tutazipeleka hivyo hivyo dirishani, tuone nani atauliza.

Wenu,
Fundi cherehani na mgonjwa wa sukari,
Morogoro